Kutu Haiponi kwa Rangi

Wahenga wetu walisema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Walisema pia kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hizi mbili zinatazamana kama mahasimu: ya kwanza yataja udhaifu wa mwanadamu, ya pili yamwonyesha njia ya kuushinda. Kati yake pana swali ambalo insha hii inakusudia kulichunguza. Je, mtu anayetumia jasho lake, wakati wake na sehemu ya fedha yake kufufua chombo kikuukuu anafanya jambo la maana, au anacheza tu na mabaki ya zamani? Na kama ni jambo la maana, ni kwa masharti gani?

Ili tusielee hewani, na tuchukue mfano ulio karibu. Mjini Mpanda, kama ilivyo katika miji mingi ya bara, si ajabu kukuta uani gari kuukuu la dizeli, aina ya Land Rover, limepandishwa juu ya matofali chini ya mwembe. Magurudumu yamekwisha kutolewa, majani yamepenya hadi kwenye injini, na kuku wanatagia katika kiti cha dereva. Na tuseme mwenye nyumba ni mtumishi mstaafu, naye ameazimia kulitengeneza gari hilo papo hapo nyumbani, kwa msaada wa fundi wa mtaani na vijana wawili watatu wa jamaa yake. Majirani wanagawanyika. Wako wanaomsifu, na wako wanaomcheka wakisema kwamba mzee amerudi utotoni.

Kabla ya kumhukumu, yafaa tujue gari la namna hiyo lilifikaje huko. Land Rover ilionyeshwa kwa watu kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili, 1948. Miaka hiyo hiyo reli ya kutoka Kaliua ilikuwa ikijengwa kuja Mpanda kwa ajili ya machimbo ya risasi, nayo ikafunguliwa mwaka 1950. Machimbo yalifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Lakini garimoshi lilikoma stesheni, na mbele yake kulikuwa na misitu ya miombo, mabonde ya udongo mweusi unaonasa wakati wa mvua, na safari ndefu za kwenda Inyonga, Mishamo na Karema penye Ziwa Tanganyika. Tangu mwaka 1957 magari hayo yalianza pia kutiwa injini za dizeli. Katika barabara za namna hiyo ndiyo yaliyompeleka mkunga, yakabeba chanjo, mbegu, karatasi za mitihani na barua za serikali. Leo Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012, na lami imefika kutoka Sumbawanga na kutoka Tabora. Gari lililovuka matope limeachwa uani, kwa kuwa limezeeka na kwa kuwa matope yenyewe yamepungua. Basi swali letu si la chuma peke yake. Ni swali la jinsi tunavyovitendea vile vilivyotutumikia.

Adui wa mzee wetu ni kutu. Kutu ni nini? Mwanafunzi wa kemia atajibu kwamba ni chuma kilichoungana na oksijeni mahali penye maji. Jibu hilo ni sahihi, na ndani yake mna jambo la kutafakari. Mawe ambayo wahunzi wa kale wa Ufipa waliyachoma katika tanuru zao ndefu za udongo, ziitwazo malungu, nayo yalikuwa chuma kilichoungana na oksijeni. Wahunzi wale walijaza mawe na makaa, wakawasha moto, wakaiacha hewa ijivute yenyewe kwa matundu ya chini, mpaka chuma kikatengana na oksijeni yake. Kumbe kutu ni chuma kinachorudi kilikotoka. Kila jembe, kila panga na kila gari limeazimwa kutoka ardhini, nayo ardhi haisahau deni lake. Anayesugua kutu kwa brashi ya waya uani kwake Mpanda anaendeleza kazi ileile iliyoanzwa na mhunzi wa Ufipa. Na somo la kwanza ndilo hili: kuharibika hakuhitaji mtu, kudumu ndiko kunakohitaji. Haitoshi kuacha kuvunja. Asiyetunza naye anavunja, ila polepole.

Somo la pili limo katika muundo wa gari lenyewe. Bodi yake ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini, kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Pili bati la chuma lilikuwa adimu Uingereza. Alumini haishiki kutu nyekundu. Lakini chesisi, yaani uti wa mgongo unaobeba kila kitu, ni ya chuma, nayo huoza kuanzia ndani, mahali ambapo matope na maji yalijificha. Kwa hiyo gari laweza kupendeza machoni huku mgongo wake umekwisha kuwa unga. Fundi mkweli haanzi na rangi. Huchukua nyundo ndogo akaigonga chesisi hatua kwa hatua, akisikiliza. Chuma kizima huitika, chuma kilichooza hutoa mlio mfu. Palipooza hukata mpaka akutane na uzima, ndipo huchomelea kipande kipya, hupaka rangi ya kuzuia kutu, na mwisho kabisa hupaka rangi ya kupendeza. Sehemu kubwa ya kazi yake haitaonekana kamwe na mpita njia.

Hapa ndipo kilipo kiini cha jambo. Kutu iliyofunikwa kwa rangi haikomi. Huendelea kula gizani, na sasa hakuna aionaye. Kutengeneza kwa kweli ni kukubali kwanza kujua ubaya umefika wapi. Injini ya dizeli nayo inafundisha neno hilohilo kwa ukali zaidi. Haina cheche ya kuiwasha. Hubana hewa mpaka ikapata joto la kuyawasha mafuta yanayonyunyizwa na nozeli. Upepo kidogo ukibaki katika mabomba ya mafuta, haiwaki. Haijali cheo cha mwenye gari, haipokei bahasha, haitulizwi kwa hotuba. Kijana aliyezoea kutafuta kosa katika mtambo usiodanganyika amepata malezi ambayo si rahisi kuyapata kwa maneno matupu.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: ikiwa chesisi imekatwa nusu, pistoni ni mpya, nozeli ni mpya na viti ni vipya, je, gari hilo bado ni lilelile? Swali hili ni la zamani. Wayunani walibishana juu ya jahazi la Theseus, ambalo mbao zake zilibadilishwa moja baada ya moja. Nasi tunalo letu nyumbani: jembe la babu, lililobadilishwa mpini mara tatu na bapa mara mbili, nalo bado ni jembe la babu. Ushahidi mkubwa zaidi umo katika Ziwa Tanganyika. Meli ya Liemba, ambayo kwa miongo mingi ilisimama mbele ya Karema, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe, lakini wahandisi wake waliipaka kwanza mitambo grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena ikiitwa Liemba. Baadaye mitambo yake ya mvuke iliondolewa, ikatiwa ya dizeli. Imebadili jina, bendera na moyo, na bado yahesabiwa kuwa meli ileile. Kwa nini? Kwa sababu udumu wa kitu haumo katika misumari yake, bali katika mfululizo wa mikono iliyokitunza. Waliopaka grisi walikuwa wanaikimbia meli. Hata hivyo walifanya kazi kwa ajili ya mtu wasiyemjua, ambaye angekuja kuihitaji.

Walakini lazima tuwasikilize na wale wanaocheka, kwani hoja yao si nyepesi. Fedha ya spea ni fedha ya nyumba. Mzee anayenunua giaboksi huku mjukuu amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare hajatengeneza kitu. Amehamisha uharibifu kutoka kwenye chuma kuupeleka kwenye mtoto. Tena gari lenye breki zisizoaminika si kumbukumbu, ni hatari kwa waendao kwa miguu. Na kumpenda mzee wa chuma kwa sababu ya ujana wetu tu ni kujiabudu wenyewe. Kwa hiyo nayaweka masharti matatu. Matengenezo yasile haki ya walio hai. Yamalizikie katika utumishi au katika mafunzo, wala si katika majivuno. Na yafanywe mbele ya vijana, mikono yao ikiwemo. Masharti hayo yakitimia, kicheko cha jirani hakina hoja.

Jambo hili linavuka ua wa mtu mmoja. Nimefanya kazi ya serikali kwa miaka mingi, nami nimeona gari la umma likisimama nyuma ya ofisi kwa kukosa kifaa kidogo, kisha likaibiwa betri, kisha taa, kisha magurudumu, mpaka mnada ukauza maganda. Hakuna aliyelivunja, kila mmoja alingoja mwingine. Historia ya nchi yetu inayo mifano mikubwa zaidi. Mpango wa karanga wa wakoloni, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulileta matrekta mengi yaliyokwisha kutumika, yakaharibika kwa wingi Kongwa pasipo mafundi na vipuri vya kutosha. Mpango huohuo ulifika hadi Urambo, jirani na Kaliua. Kinyume chake, baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973 na 1979, na baada ya Vita vya Kagera vya 1978–79, fedha za kigeni zilipoadimika, mafundi wetu waliyaendesha magari kwa vipuri walivyovichonga wenyewe. Kununua chombo hukufanya mwenye stakabadhi. Kujua kukitengeneza ndiko hukufanya mwenye chombo. Kujitegemea kulikotajwa katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 hakuwezi kuwa na maana nyingine katika karne hii ya mitambo.

Tumezoea kuhesabu ngoma, mashairi na vinyago kuwa ndiyo utamaduni wetu. Ni kweli, lakini spana iliyo mkononi mwa mtu mwaminifu nayo imo. Mwezi Oktoba 2024 mamia ya magari ya Land Rover yalikusanyika Arusha, watu wakafurahi kuyatazama. Nyuma ya kila moja lililofika kwa nguvu zake palikuwa na fundi aliyelala chini ya chesisi mchana kutwa, mafuta yakimdondokea usoni.

Walimu wetu basi wasione haya kuwapeleka wanafunzi gereji kama wanavyowapeleka makumbusho. Wawaonyeshe mahali kutu inapoanzia, wawape nyundo wagonge wenyewe, wausikie mlio wa chuma kizima na mlio wa chuma kilichooza. Taifa nalo lina chesisi yake, ambayo haionekani siku za sherehe. Watakaorithi nchi hii watahitaji masikio yaliyozoea kutofautisha milio hiyo miwili, na ujasiri wa kukata palipooza kabla ya kutafuta kopo la rangi.