Deni la Aliyeokolewa

Novemba 2018, karibu na Beni, mashariki ya Kongo, walinda amani kutoka Malawi na Tanzania walikuwa wakipambana na waasi wa ADF. Koplo Ali Khamis Omary, Mtanzania, alijeruhiwa vibaya asiweze kujisogeza, naye yuko wazi mbele ya risasi. Askari wa Malawi, Chancy Chitete, alimburuta hadi mahali pa kujificha akaanza kumpa huduma ya kwanza. Hapo naye akapigwa risasi, akafariki. Omary alipona. Mei 2019, huko New York, Umoja wa Mataifa ulimtunuku marehemu Chitete Nishani ya Kapteni Mbaye Diagne, iliyopewa jina la Msenegali aliyeokoa watu wengi Rwanda mwaka 1994 kabla ya kuuawa.

Huku Babati mambo ya Kongo si ya mbali. Desemba 2017 walinda amani wetu wasiopungua 14 waliuawa kambini Semuliki, na sharika zetu zina wazazi wenye vijana jeshini. Siku moja tulimtaja Chitete katika mahubiri, tukasoma Yohana 15. Baada ya ibada, mnada wa mavuno ukiendelea, mama mmoja akatufuata.

"Mchungaji, umesema vizuri juu ya aliyekufa. Aliyepona je, atalipaje?"

Mwanawe alirudi salama kutoka kazini. Mwenzake aliyemsaidia hakurudi. Kila mwezi kijana hutuma fedha kwa familia ya mwenzake, na kila mwezi husema hazitoshi. Kanisani haji tena.

Kwetu ukikopeshwa debe la mahindi unarudisha debe. Uhai hauna debe la kuupimia. Nishani ni haki ya marehemu, wala hatuibezi, lakini aliyepona hubaki na deni peke yake. Mwaka 1526 Martin Luther aliandika kuhusu askari na wokovu wao, kwa sababu ya askari mmoja aliyesumbuliwa na dhamiri. Alisema kazi hiyo yaweza kuwa ya haki, hata kama mtu aifanyaye si mwema. Ni msaada kwa anayeogopa alichokitenda. Huyu wetu anaumia kwa alichotendewa.

Tukajiona tumepatikana. Kila Jumapili tunakiri kwamba Mwingine alikufa kwa ajili yetu, kisha tunatoka kuulizana bei ya maharage. Kijana huyu asiyekuja ibadani anaujua uzito wa kufiwa kwa ajili yake kuliko sisi tunaouhubiri. Asichokijua ni kwamba zawadi hailipwi. Fedha na azitume, watoto wale wanahitaji ada. Ila azitume kama ndugu, si kama mdaiwa.

Tulimwambia mama hivyo. Akatutazama, akasema, "Haya, mwambie wewe mwenyewe."

Tutakwenda Alhamisi. Bado hatujajua tutaanzaje.