Je, Anayesahau Ana Hatia?



Swali la mwezi huu limeletwa na wazazi, wala si mzazi mmoja. Mtoto amejifunza somo lake jioni, akalisema lote bila kosa. Asubuhi mwalimu anamwuliza, hana kitu. Baba anasema ni uvivu, fimbo italeta akili. Bibi anasema kuna mkono wa mtu. Mtoto mwenyewe, aliyeanza shule kwa Kifaransa huko Kongo na hapa akakuta Kiingereza, ameshaanza kujiita mjinga. Je, kusahau kwa namna hiyo ni kosa la mtu kuadhibiwa?

Kwanza tuuangalie mwili, maana Mungu ndiye aliyeuumba. Ukikuta nyoka njiani, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga homoni katika damu, na mojawapo huitwa kotisoli. Moyo unakwenda mbio, nguvu inakuja, unaruka. Hofu fupi ya namna hiyo hata husaidia kukumbuka. Pale ulipomwona nyoka hutapasahau. Shida ni hofu inayorudi kila siku. Jana risasi, leo mwenye nyumba anadai kodi, kesho hakuna habari za mjomba aliyebaki Masisi. Kotisoli ikikaa juu muda mrefu, inaidhoofisha sehemu ya ubongo ambayo wataalamu huiita hipokampasi. Sehemu hiyo ndiyo hushika jambo jipya mpaka likae, tena ndiyo huyapanga mambo: hili lilitokea wapi, lipi lilitangulia.

Hapa jirani Kenya lilionekana jambo la kusikitisha. Tumbili waliokamatwa porini walifungiwa pamoja katika vizimba, na wanyonge kati yao wakaonewa na wenzao bila pa kukimbilia. Wengine walikufa. Mwaka 1989 wataalamu, wakiwemo Hideo Uno na Robert Sapolsky, waliandika walichokikuta ndani ya maiti zao: vidonda vya tumbo, tezi za juu ya figo zimevimba, na seli za hipokampasi zimeharibika. Sipendi mtu aliyekaa kambini alinganishwe na tumbili wa kizimbani, na nadhani ninyi pia hampendi. Lakini aliyewahi kuishi kumi katika chumba kimoja, bila kujua ataondoka lini, hahitaji kufafanuliwa habari hiyo.

Jambo hili haliishii kwa watoto. Ubongo una sehemu nyingine, amigdala, ambayo hofu huiamsha. Kwa hiyo mama anaweza kukumbuka harufu ya nyumba iliyowaka na sauti ya aliyegonga mlango, lakini asijue kama ilikuwa Jumanne au Ijumaa, kabla ya mavuno au baada yake. Anaingia kwenye mahojiano, anataja tarehe moja. Miezi sita baadaye anataja nyingine. Kwenye faili inaandikwa kwamba maneno yake hayapatani. Jirani zake nao wananong'ona kwamba amedanganya.

Najua mtu atasema, "Mchungaji, unawafungulia waongo mlango." Waongo wapo, tusifichane. Ila mwongo anaijua kweli na anachagua kuiacha. Huyu mama hana cha kuchagua, tarehe haimo mikononi mwake. Mtu hadaiwi mavuno ya shamba alilonyang'anywa. Wala si watu wachache ninaowasema. Uchunguzi wa daktari Naasson Munyandamutsa na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta kwamba watu kama 26 kwa mia kati ya waliochunguzwa hapa Rwanda walikuwa na ugonjwa unaoachwa na mambo ya kutisha, ule ambao wenyeji wetu huuita ihahamuka. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka kumi tangu mauaji ya kimbari ya 1994.

Someni Kutoka, sura ya 6. Musa anawaletea Waisraeli habari njema kuliko zote, kwamba watatoka utumwani, nao hawamsikilizi. Maandiko yanataja sababu: roho zao zilivunjika na kazi ilikuwa ngumu. Hapo hawaitwi wavivu wala wasioamini. Na angalieni Mungu anafanya nini baada ya hapo. Hamwambii Musa arudi kuwakemea wanafunzi hao wagumu. Anamtuma kwa Farao, aliyewatwika mzigo.

Basi fimbo kwa mtoto anayesahau ni kumwongezea kotisoli juu ya ile aliyo nayo. Bruce McEwen na wenzake huko New York waliwabana panya saa kadhaa kila siku kwa siku 21, wakaona matawi ya seli za hipokampasi yamefupika. Panya walipoachwa wakae kwa amani, matawi yalirefuka tena. Kwa mtoto wetu amani hiyo ni usingizi wa kutosha, chakula kwa saa inayojulikana, mchezo, na nyumba isiyo na kelele za wazazi. Katika shule ya Jumapili, asiyekumbuka mstari asisimamishwe mbele ya wenzake. Na anayepiga kelele usiku, au aliyeacha kabisa kusema na watu, apelekwe kituo cha afya. Kutoka huko wanaweza kumtuma hospitali ya Ndera. Kwenda Ndera si aibu.

Limebaki jambo moja. Tunaye kijana katika darasa la ubatizo ambaye kila juma mafundisho yanamtoka, ingawa hajakosa kipindi hata kimoja na ndiye hupanga viti kabla yetu sote. Baadhi ya wazee wanasema angoje mpaka aweze kujibu maswali yote. Mimi nasema abatizwe pamoja na wenzake. Tutalizungumza Jumamosi baada ya maombi, na wazazi wake wamealikwa.