Anza na vitufe viwili

Anayeshika pedi ya PlayStation kwa mara ya kwanza hukuta vijiti viwili na vitufe zaidi ya kumi, kisha huambiwa gemu ni rahisi. Si rahisi. Katika gemu nyingi za leo kijiti cha kushoto humtembeza mhusika, cha kulia hugeuza kamera. Mgeni hujikuta anatazama dari huku akipigwa risasi za mgongoni. Ndiyo maana namshauri aanze na Super Mario Bros. ya mwaka 1985. Ukiacha vitufe vya mwelekeo, kukimbia na kuruka kunataka vitufe viwili tu, A na B vya pedi yake ya asili, na hatua ya kwanza hufundisha bila maneno: Mario amesimama kushoto, kulia ni peupe, basi unakwenda kulia. Anakuja kiumbe aliyenuna; ukimgusa umekufa, hasara yako ni sekunde chache. Ukimruka, somo limeingia.

Utaambiwa picha za gemu hii ni za kizamani, na kwamba kwenye kibanda cha gemu watu wanacheza gemu za mpira, si za fundi bomba kama Mario. Hilo la pili lina uzito, maana kwenye mpira kamera hujiendesha yenyewe na kijiti cha kulia unaweza kukisahau wiki nzima. Tatizo ni mpinzani. Kiumbe wa Mario hutokea palepale kila mara, kwa hiyo kosa la jana unalirekebisha leo; mzoefu wa kibandani hukufunga saba bila, na hujui hata ulikosea wapi. Ukiushikilia mpira, basi cheza kwanza na mashine, kiwango cha chini kabisa, bila haya.