Saa ya Zamani Iuzwe na Siri Zake

Anayenunua saa ya mkono ya zamani hapa Songea hununua kitu asichoweza kukikagua. Uso anauona, kioo anakiona, mkanda anaushika. Lakini kilichobeba thamani yote kimefungiwa nyuma ya mfuniko ambao hana kifaa cha kuufungua, na hata ukifunguliwa mbele yake hajui atazame nini. Ndiyo maana naona kwamba shughuli hii ya kukusanya saa kuukuu, kuzifufua na kuziuza, ambayo kwa nje ni burudani ya watu watulivu, ina mtihani mkubwa wa uaminifu ndani yake. Nashikilia kwamba anayeuza saa aliyoifufua anapaswa kusema kila alichokibadilisha, hata asipoulizwa, na kwamba ukweli huohuo anadaiwa na yule aliyemuuzia saa hiyo ikiwa mbovu.

Tuanze na saa yenyewe. Saa ya kutia ufunguo haina betri. Springi iliyokazwa hufunguka polepole, ikasukuma msururu wa magurudumu, na mwisho wa msururu huo lipo gurudumu jembamba linaloyumba huku na huku likiugawa muda. Katika saa nyingi za miaka ya 1950 na 1960 hupigwa mapigo 18,000 kwa saa moja, yaani matano kila sekunde, 432,000 kwa siku. Ncha za ekseli yake, nyembamba karibu kama unywele, hukaa kwenye vijiwe vya rubi bandia pamoja na tone dogo la mafuta, na mafuta hayo hukauka. Saa iliyolala sandukuni miaka ishirini inaweza kutikiswa kidogo ikaamka, muuzaji akakwambia, "Inatembea, sikiliza mwenyewe." Hasemi uongo. Lakini inatembea kavu, na kila siku inayovaliwa inajimaliza. Kuifufua kwa haki ni kuifungua yote, kuosha kipande kimoja kimoja, kukagua, kutia mafuta mazito hapa na mepesi pale, kisha kuifunga upya. Kazi hiyo haionekani kwa nje. Kinachoonekana ni uso uliopakwa rangi mpya, ambao ni rahisi zaidi kuutengeneza. Wakusanyaji wa saa duniani wanazijua vizuri Seiko zilizochorwa nyuso upya Mumbai, zinazong'aa kwa rangi ambazo kiwanda cha Japani hakikuwahi kuzitoa. Lipo na la hatari kuliko rangi: mpaka miaka ya 1960 namba za saa nyingi zilipakwa rediamu ili zing'ae gizani. Mng'ao ulikwisha zamani, lakini rediamu ipo, maana huchukua miaka ipatayo 1,600 kupungua nusu tu, na vumbi lake likivutwa puani ni sumu. Anayeikwangua bila kujua, au anayejua na kumuuzia mwenzake kimya, anacheza na zaidi ya fedha.

Watasema baadhi kwamba uaminifu wa namna hii ni anasa ya mtu mwenye kipato kingine. Ukimwambia mteja kwamba uso si wa awali na ufunguo umetoka kwenye saa nyingine, atashusha bei, na jirani yako asiyesema neno atauza kabla ya adhuhuri. Hoja hii ina uzito. Mchumi wa Marekani George Akerlof, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2001, aliichambua mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika. Pale mnunuzi asipoweza kutofautisha zima na bovu, hulipa bei ya katikati. Mwenye gari zima huiona bei hiyo haimfai, akaondoka, na sokoni yakabaki mabovu. Kwa hiyo anayenyamaza hamuumizi mteja peke yake. Anamshushia bei fundi aliyeinamia meza siku mbili na kioo cha kukuzia jichoni, kwa kuwa kazi ya fundi huyo nayo sasa inatazamwa kwa mashaka. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, ila hiyo hushika zaidi yaliyosemwa. Tatizo letu liko kwenye yasiyosemwa.

Wengine huuliza mbona kuhangaika, wakati simu inaonyesha saa sahihi. Ni kweli, na hakuna anayenunua saa ya mwaka 1965 ili awahi basi la Dar es Salaam. Anainunua kwa sababu ni ya mwaka huo na imetoka mkononi mwa mtu. Anayemdanganya kuhusu historia yake anamnyima kitu chenyewe alichokilipia.

Upande wa kununua ndio unaonigusa zaidi. Mkoa huu ulipeleka wanaume wengi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga kama manamba, na tangu mwaka 1936 wakulima wa Ungoni na Umatengo walikuwa na chama chao cha ushirika, NGOMAT. Saa ya mkono ilikuwa moja ya vitu ambavyo mshahara, tumbaku au kahawa ingeweza kumpatia mtu. Kisha Seiko ikatoa saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi mwezi Desemba 1969. Ilikuwa ghali mno, lakini miaka michache baadaye saa za betri zikawa rahisi hata kutengeneza ya zamani kukagharimu kuliko kununua mpya, na za zamani zikaingia kabatini. Leo mjane au mjukuu anaitoa akidhani ni chuma chakavu, na mkusanyaji aliyesimama mbele yake anajua sivyo.

"Elimu yangu ni mtaji wangu," atasema huyo, "nimeitafuta kwa miaka." Nakubali alipwe kwa elimu hiyo anapoitumia kuifufua saa, na alipwe pia kwa hatari ya kukosa spea. Nisichokubali ni kulipwa kwa sababu bibi hajui. Mbona akiuziwa yeye saa yenye uso wa bandia hulalamika kwamba mwenzake alijua akanyamaza?

Biashara zetu zina utaratibu unaofaa hapa, nao ni mali kauli. Mwenye saa anaiacha kwa fundi, wanakubaliana gharama ya spea na ufundi, saa ikiuzwa wanagawana kilichobaki, na mnunuzi anapewa karatasi inayotaja kilichobadilishwa. Ukoo ukiisikia inatembea ukaghairi kuiuza, unalipa gharama na kuichukua. Faida ya namna hii ni ndogo, na mkusanyaji atabaki na saa chache za kwake. Lakini kama kweli kilichomvuta ni kuifungua mashine ndogo iliyokufa na kuirudishia mapigo yake, hicho atakuwa amekipata kabla mtu yeyote hajataja bei.