Mafiga Yakiondolewa, Bibi Ataota Moto Wapi?

Hapa Tukuyu baridi ya Juni na Julai haina utani. Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kueneza nishati safi ya kupikia hadi mwaka 2034, na wengi wetu tumeanza kuwapelekea wazazi mitungi ya gesi. Ni jambo jema. Moshi wa kuni umewaumiza mama zetu macho na vifua kwa miaka mingi.

Lakini tujiulize: mafiga yalikuwa ya kupikia tu? Chakula kikiisha kuiva, mawe yale hubaki na joto kwa saa kadhaa, na bibi hukaa hapo akiota moto, wajukuu wamemzunguka. Gesi ikizimwa, jikoni huwa baridi papo hapo. Ndipo bibi huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Hewa ya sumu itokayo katika mkaa haionekani wala hainuki, nayo humwua mtu usingizini.

Je, aliyeleta zawadi ana hatia? Sisi twaona anayo sehemu, kama hakuuliza. Kumwondolea mzazi moshi hakutupi ruhusa ya kumwondolea na joto. Basi mtungi uende pamoja na blanketi zito na soksi, na kabla mafiga hayajang'olewa, mwenye kuota hapo aulizwe. Pengine atataka yabaki katika jiko la nje, gesi ikae ndani. Wazee wa huku hawakosi jibu.