JE, KUSAWAZISHA NI KUPENDELEA?

Wako watu wanaodai kwamba serikali iliyo adilifu ni ile isiyotazama kabila wala jimbo la raia, bali humpimia kila mmoja kwa kibaba kimoja. Kwao, kuwatengea watu fungu kwa sababu wametoka sehemu iliyo nyuma ni upendeleo, na upendeleo ni dhuluma kwa asiyetengewa. Hoja hii si ya kudharauliwa. Lakini kabla ya kushika kibaba hatuna budi kuuliza nafaka ile ni mali ya nani, na jana iligawiwa vipi.

Na tuitazame Kenya. Wakoloni waliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, hata mtu hakuingia wala kutoka ila kwa kibali. Ulipokuja uhuru, serikali ilitoa mwaka 1965 Waraka wa Bunge Namba 10 juu ya Ujamaa wa Kiafrika. Waraka huo ulieleza kwamba, ili uchumi ukue upesi, fedha za maendeleo ziwekwe zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri na mvua, penye usafiri na umeme, na penye watu wapendao maendeleo. Ukatoa na mfano: pauni milioni moja ikitumiwa mahali fulani huenda ikaongeza pato kwa pauni 20,000, na mahali pengine kwa pauni 100,000. Basi busara ni kuiweka hapo pa pili, ili nchi ipate ziada ya pauni 80,000 kila mwaka, na hivyo iweze kulisaidia lile eneo la kwanza kwa ruzuku na mikopo nafuu.

Msomaji na alitafakari sharti hilo la mwisho. Wakazi wa nchi kavu hawakuambiwa kwamba hawana haki; waliambiwa wasubiri. Mali ya wote ilitumiwa kwa baadhi, kwa ahadi kwamba faida itawarudia waliosalia. Jambo hilo, hata sokoni, huitwa mkopo.

Ni kama baba aliyeuza ng'ombe wa nyumba nzima akamsomesha mwana wa kwanza, akiwaambia wadogo kuwa kaka yao atawainua. Kaka akapata kazi nzuri. Wadogo wanapodai karo, yeye hujibu, "Kila mtu na ajitegemee kwa juhudi yake." Ni kweli kwamba alijitahidi, wala yeye hakumdhulumu mtu, kwani si yeye aliyewauza wale ng'ombe. Hata hivyo anajua alisomeshwa kwa kitu gani. Kumtaka achangie si kumwadhibu, na mdogo anayepokea hapokei sadaka.

Kwa mtazamo huu ndipo ifahamike Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 204 kiliunda Mfuko wa Usawazishaji, unaotengewa nusu ya asilimia moja ya mapato ya serikali ya taifa kila mwaka, yaani shilingi 5 katika kila shilingi 1,000. Kazi yake ni kupeleka maji, barabara, matibabu na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma, hadi zilingane na nyinginezo kadiri iwezekanavyo. Mwenye kuita shilingi 5 hizo upendeleo, na aseme zile 995 ziitweje.

Kosa liko kwingine. Fedha zilizoingizwa katika mfuko huo zimekuwa pungufu ya zile zinazotakiwa na Katiba, na jambo hili limelalamikiwa hata ndani ya Seneti. Serikali ambayo haikuahidi kitu huenda ikasingizia kutojua. Lakini iliyoandika deni kwa mkono wake, kisha ikalilipa kana kwamba inatoa hisani, wakati inapopenda na kwa kiasi inachopenda, imevunja amana mara mbili: ya mwaka 1965 na ya mwaka 2010.

Katiba iliupa mfuko huo miaka 20, nayo itatimia mwaka 2030. Bunge linaweza kuongeza muda, iwapo zaidi ya nusu ya wabunge wote wa Bunge la Taifa na zaidi ya nusu ya wajumbe wa kaunti katika Seneti wataunga mkono. Wengi wa watakaopiga kura hiyo watatoka katika majimbo ya mwana wa kwanza.