Jahazi la Khidhri na Kisiwa cha Misali

Ukisimama Wesha, bandari ndogo upande wa magharibi wa Chake Chake, asubuhi kabla jua halijawa kali, Misali huonekana kama mstari wa kijani uliolala juu ya maji. Kutoka hapo hadi kisiwani ni zaidi ya kilomita 10 za bahari. Kisiwa chenyewe ni kidogo: eneo lake ni kama kilomita moja ya mraba, hakina mto wala maji matamu ya kutegemewa. Hata hivyo wavuvi zaidi ya 1,000 kutoka vijiji vya Pemba wamekuwa wakiitegemea miamba yake, na wageni kutoka Ulaya huvuka nusu ya dunia ili wazamie hapo kwa saa chache, wale samaki wa kuchoma kivulini, kisha warudi na boti kabla maji hayajabadilika.

Jina la kisiwa linatokana na msala. Msomaji wa bara, ambaye neno hilo huenda likamkumbusha choo, ajue kwamba Unguja na Pemba msala ni mkeka wa kusalia: mdogo, wa ukindu, aghalabu wa umbo la yai. Mfumaji huanika majani ya mkindu, akayachana kuwa chane nyembamba, nyingine akazitia rangi, kisha akasuka ukili mrefu anaouzungusha na kuushona, mkono baada ya mkono, hadi mkeka utimie. Ni kazi ya siku nyingi kwa kitu kisichotosha hata mtu kulala. Lakini ukishatandikwa, zile shubiri chache za sakafu hazipitiwi tena na mtu mpaka mwenye kusali atoe salamu.

Wazee wanahadithia kwamba zamani alifika hapo mtu mtakatifu, Nabii Hadhara, akawakuta wavuvi. Wakati wa sala ulikuwa umeingia, akawaomba msala. Hawakuwa nao. Mvuvi aliye dagoni, yaani katika kambi yake ya muda ya uvuvi, huwa na nyavu, sufuria na dumu la maji. Huenda hana zaidi ya hapo. Basi yule mgeni akakitazama kisiwa jinsi kilivyolala kuelekea kibla, akasema kwamba chenyewe kitakuwa msala wake. Akasali, akaondoka, na jina likabaki.

Jambo moja katika hadithi hiyo linathibitika hata kwa ramani. Makka na Pemba ziko karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa longitudo, kama digrii 39.8 kwa 39.7 mashariki. Mtu wa Pemba akitaka kibla huelekea kaskazini moja kwa moja, na kwa karne nyingi baharia wa pwani hii, akiwa usiku katikati ya maji, ameweza kuielekea kwa kutafuta nyota zile zile zinazomwonyesha kaskazini.

Wengi humhusisha Hadhara na Khidhri, yule mwalimu wa ajabu aliyefuatana na Nabii Musa. Wanazuoni wamehitilafiana kama alikuwa nabii au walii, na Kurani yenyewe haimtaji kwa jina. Jina limekuja katika hadithi za Mtume, na maana yake ni kijani. Imepokewa kwamba aliitwa hivyo kwa sababu alikaa juu ya ardhi nyeupe, kavu, nayo ikachipua nyuma yake. Waarabu nao waliiita Pemba Al-Jazira Al-Khadhra, Kisiwa cha Kijani. Asili ya maneno hayo mawili ni moja. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba Khidhri alitia mguu Misali, na imani haimlazimishi mtu kusadiki hilo. Lakini waliomweka hapo, katika kisiwa cha wavuvi maskini, walijua wanamweka wapi. Kisa chake kikubwa kinaanzia chomboni, na chombo hicho kilikuwa cha maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini.

Kisa kimo katika Surat Al-Kahf na watoto wa madrasa wanakijua. Musa anaomba kumfuata Khidhri ili ajifunze, naye anapewa sharti la kutouliza. Wanapanda chombo. Khidhri anakitoboa. Musa hawezi kunyamaza: vipi utoboe chombo cha watu, unataka kuwazamisha? Mwishoni ndipo anapoelezwa. Mbele yao alikuwako mfalme anayenyang'anya kila chombo kizima kwa nguvu. Chombo chenye kasoro angekiacha. Tundu lile ndilo lililowabakishia maskini riziki yao.

Ni kisa kinachofariji, na kwa hiyo ni rahisi kukitumia vibaya.

Hata historia ya Pemba mtu anaweza kuisoma hivyo. Kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ilinusurika na ikawa ndiyo nchi ya karafuu. Hoteli zilipokuja, zilikwenda Unguja kwanza, na Pemba ikabaki na barabara zake za vilima, harufu ya karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi, na wageni wachache wanaofika kwa makusudi. Ila mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na mpango wa kuikodisha Misali kwa mwekezaji wa hoteli. Wavuvi walipinga. Kwao kisiwa kilikuwa dago: mahali pa kupumzika kati ya maji mawili, kuanika samaki, kusubiri upepo ugeuke. Mpango ukaachwa, na mwaka 1998 Misali ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi, sehemu ya miamba yake upande wa magharibi ikifungwa kabisa kwa uvuvi. Mwaka 2005 ulinzi ukapanuliwa hadi sehemu kubwa ya pwani ya magharibi, chini ya Hifadhi ya Mkondo wa Pemba.

Katika kuilinda Misali, dini nayo iliitwa. Baadhi ya watu walikuwa wakivua kwa baruti. Baruti huua samaki, mayai yao na matumbawe yao kwa mpigo mmoja, na mwamba ulioanguka hauinuki katika umri wa aliyeuangusha. Sheria ya serikali ilikuwepo, lakini bahari ni pana na boti za doria ni chache. Shirika la CARE lilishirikiana na IFEES, taasisi ya Kiislamu ya mazingira yenye makao Birmingham iliyoasisiwa na Fazlun Khalid, na wakakaa na maimamu, walimu wa madrasa na wavuvi. Hawakuja na neno geni. Walizungumza juu ya ukhalifa wa binadamu katika ardhi, juu ya mizani ambayo Mungu ameiweka, juu ya ufisadi unaodhihiri bara na baharini kwa yale yanayofanywa na mikono ya watu, na juu ya hima, desturi ya tangu zama za Mtume ya kutenga ardhi isiguswe kwa maslahi ya wote. Mvuvi anayeweza kumkwepa askari hawezi kumkwepa Mola wake, na wapo walioacha baruti kwa sababu hiyo, wakasema hivyo wenyewe.

Haya ni mafanikio ya kweli na hayafai kubezwa. Lakini mtu anayekijua kisa cha Khidhri lazima ajiulize: serikali au shirika linapomwambia mvuvi kwamba mwamba aliovua babu yake sasa umefungwa, ni nani hapo aliyetoboa chombo? Kwa mvuvi, kufungwa kwa mwamba ni tundu. Leo anarudi na samaki pungufu. Anaahidiwa kwamba tundu hilo ndilo litakalomwokoa na mfalme asiyeonekana: bahari tupu ya kesho. Pengine ni kweli. Lakini Khidhri alijua. Mwisho wa kisa anasema kwamba hakufanya hayo kwa amri yake mwenyewe; elimu yake ilitoka kwa Mungu. Mtaalamu wa uvuvi, hata awe mwaminifu kiasi gani, ana makadirio. Mwaka ule ule wa 1998 joto la El Niño lilipausha na kuua matumbawe mengi ya Afrika Mashariki, ya Misali yakiwemo, na hakuna mpaka wa hifadhi uliowahi kuzuia maji ya moto.

Basi aliye na makadirio tu hana haki ya kumwekea Musa sharti la kunyamaza. Swali la Musa lilikuwa swali sahihi. Alimtetea maskini mwenye chombo, na katika kisa chote hakuna mahali anapolaumiwa kwa huruma yake. Upungufu wake ulikuwa ni kukosa subira kwa mtu aliyeahidi kumfuata. Anayefunga bahari ya watu bila ufunuo kutoka mbinguni anapaswa kueleza mwanzo, si mwisho, na kueleza kwa watu wenye chombo.

Kuna chombo kingine ambacho hapa hakisahauliki. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume anawapigia watu mfano wa waliopiga kura ya nafasi chomboni, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini kila wakitaka maji hulazimika kupita kwa wa juu. Wakaona bora watoboe sehemu yao wenyewe wasiwasumbue wenzao. Wa juu wakiwaacha, wote wanazama. Wakiwazuia, wote wanaokoka.

Matundu mawili, basi. Moja linaokoa na jingine linazamisha, na mbao ni zile zile. Mtu wa baruti ni mtu wa sitaha ya chini. Mfano unamtendea haki kuliko anavyotendewa na mabango ya hifadhi, kwa sababu unakiri kwamba ana kiu ya kweli. Hatoboi kwa uovu. Anatafuta maji mahali karibu. Na mfano unampa mtu wa juu wajibu ambao haumaliziki kwa kumshika mkono mwenzake. Akishamzuia, yule wa chini bado ana kiu. Ndiyo maana katika mipango ya Misali lilikuwa jambo la msingi kwamba sehemu ya ada ya wageni irudi vijijini. Pesa ile ni ndoo ya maji inayopitishwa kutoka sitaha ya juu. Mahali popote ambapo ndoo hiyo inakawia njiani, mtu asishangae kusikia mlio wa patasi chini.

Matundu hayo yanapambanuliwaje? Khidhri aliharibu kidogo: ubao mmoja, kasoro inayotengenezeka, na chombo kikabaki kwa wenyewe. Tundu la pili halina mpaka wala marekebisho. Hicho ni kipimo kizuri, lakini kuna kingine kilicho karibu zaidi na maisha ya Pemba, nacho ni kuuliza patasi imo mkononi mwa nani.

Kusini mwa Pemba, kule Kisiwa Panza, wavuvi katika miaka ya 2010 walikubaliana, wakisaidiwa na Mwambao, mtandao wa jamii za pwani, kufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi mitatu ili pweza wakue. Pweza huishi kama mwaka mmoja tu na hukua upesi sana. Yule mdogo wa leo, asipochomwa, baada ya wiki chache ana uzito mwingine kabisa. Kwa wanaotembea juu ya mwamba wakati wa bamvua na fimbo ya chuma mkononi, wakichungulia kila tundu la jiwe kutafuta rangi inayobadilika, miezi mitatu ni mingi. Hapo pana mwanamke anayejua kabisa kwamba chini ya jiwe lile kuna kitoweo cha leo, naye anapita. Hakuna askari aliyemwekea mpaka. Mpaka aliuweka yeye na majirani zake katika mkutano, akiwa ameuliza maswali yote ya Musa na kujibiwa, na siku ya kufungua inajulikana. Ametoboa chombo chake kwa mkono wake.

Hakuna nabii pale, na bado kisa kinatimia kuliko mahali pengine.

Katika miaka ya 2020 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa sera yake ya uchumi wa buluu, imekuwa ikikodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji wa hoteli za kifahari, na mazungumzo ya miaka ya 1990 yamerudi upya barazani. Si kila hoteli ni mfalme mnyang'anyi. Hoteli inaweza kuajiri, inaweza kulinda ufukwe ambao kasa wa kijani na ng'amba hupanda kutaga, inaweza kununua samaki kwa bei nzuri. Wala mgeni anayekuja kutazama matumbawe hana kosa. Naye anatafuta kitulizo, na kitulizo ni haki ya kila kiumbe. Lakini mfalme wa kisa kile hakuwa na alama nyingine ila moja: alichukua vyombo vizima, na wenyewe hawakuulizwa.

Wakati wa magharibi, boti ya wageni ikishaondoka Misali, dagoni huwashwa moto. Samaki waliopasuliwa wamelala juu ya chanja. Mvuvi anachota maji ya bahari kwa kopo, anatia udhu, kwa sababu maji ya dumu ni ya kunywa. Hana msala. Anatandika gunia juu ya mchanga, au hatandiki kitu, anaelekea kaskazini, na mbele yake, baada ya miti na mwamba na Mkondo wa Pemba unaoanza kuingia giza, hakuna kinachomkinga na kibla.